Miguu ya Joe Montana

Wengi wakitazama futiboli ya Marekani humkodolea macho kwotabeki, yule anayepokea mpira mwanzoni mwa kila shambulio na kuamua uende kwa nani, na wanachokitafuta ni nguvu za mkono wake. Kwa Joe Montana, mimi huanza na miguu.

Mkono wake haukuwa wa kutisha. Mwaka 1979, timu zilipochagua vijana kutoka vyuoni, majina 81 yalitajwa kabla ya lake. Aliyemchukua ni Bill Walsh, kocha wa San Francisco 49ers, ambaye alikuwa ameshauona wepesi wa hatua zake. Pasi za Walsh zilikwenda kwa hesabu: kwotabeki anarudi nyuma hatua tatu au tano, na mguu wa mwisho ukitua, mpira uondoke. Mara nyingi mpokeaji bado hajageuka. Akigeuka, anaukuta umeshafika kifuani. Chelewa kidogo tu, beki keshawahi.

Tafuta mikanda yake ya zamani, uitazame bila sauti, macho yako chini ya magoti. Hatua ni fupi fupi, visigino havikai chini. Mtu wa kwanza akiwa amezibwa, nyayo zinamgeukia wa pili, kiuno kinafuata, mkono unakuja mwisho kabisa. Hana papara. Mwaka 1986 alipasuliwa mgongo, na kabla msimu haujaisha alikuwa uwanjani tena, na hatua ni zilezile.

Tarehe 22 Januari 1989, Miami, kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, 49ers walikuwa nyuma 16–13 dhidi ya Cincinnati Bengals. Zimebaki dakika 3 na sekunde 10, na mbele yao kuna yadi 92 hadi mstari wa goli. Montana akamwonyesha mwenzake, Harris Barton, kwamba mwigizaji John Candy yuko kule jukwaani. Kisa hiki husimuliwa kuonyesha kwamba hakuwa na hofu. Mimi navutiwa zaidi na kilichofuata: katikati ya shambulio hilo, kwa kupaza sauti ili wenzake wamsikie, pumzi zilimpaa akashikwa na kizunguzungu. Akautupa mpira nje, mahali ambapo hakuna mpinzani angeweza kuufikia. Hata kichwa kikizunguka, mwili ulijua la kufanya. Katika Super Bowl zake 4, zote alizoshinda, alirusha pasi 122 na wapinzani hawakudaka hata moja.

Baada ya pasi ile iliyotoka nje, 49ers wakaadhibiwa, wakarudishwa nyuma. Montana akamtafuta mpokeaji wake Jerry Rice katikati, yadi 27. Kisha mwenzao Roger Craig, yadi 8. Zikabaki yadi 10 na sekunde 39. Mabeki wakawachunga Rice na Craig. Montana akarudi hatua zake chache, mguu ukatua, mpira ukapita katikati ya walinzi hadi mikononi mwa mpokeaji mwingine, John Taylor, ambaye mchezo mzima alikuwa hajadaka pasi hata moja.