Fundi Anayepima Kabla ya Kuongeza

Kuna fundi mmoja Kariakoo, ghorofani, ambaye ukimpelekea kompyuta kuukuu hakuulizi una shilingi ngapi. Kwanza anafungua kifuniko. Siku niliyokuwepo, mwanafunzi wa usanifu majengo alimletea Dell OptiPlex 7010, ile nyembamba ya 2012, iliyokwisha kutumika ofisini ng'ambo ikaja kwetu na kontena la mtumba.

"Shikamoo fundi. Nikizungusha picha ya nyumba, inakwama."

"Marahaba mwanangu. Iweke hapa, tuone inakula nini."

Alichosoma ni kibandiko cha pawa saplai: wati 240 kwa mashine nzima. Hapo hapo kadi nyingi za michoro zilizokuwa rafuni zikawa hazimhusu tena. Nafasi ya kadi kwenye bodi hutoa wati 75 kwa juu kabisa, na waya wa ziada wa kuilisha kadi haupo. GTX 750 Ti ya 2014, kipenzi cha mafundi kwa wati zake 60, nyingi zina kimo kisichoingia kwenye kasha lile. Akachukua GT 1030 iliyotumika, kadi fupi ya wati 30, akaifungua skrubu na kuivisha bati fupi la nyuma.

Kisha akatoa kifutio cha penseli. Nilipenda sana kumtazama hapo. Aliyasugua meno ya dhahabu ya kadi kwa kwenda upande mmoja tu, taratibu, akaipandisha kwenye mwanga wa dirisha, akaona doa, akarudia. Akapuna vumbi la feni kwa brashi ya rangi, akaizungusha kwa kidole, akaisikiliza. Hakuna mteja ambaye angejua kama angeiruka hatua ile. Kadi ingewaka vilevile, pengine miezi kadhaa, kabla picha haijaanza kupotea. Alipoisukuma kwa vidole gumba viwili, klipu ikalia, naye akaigusa tena kuhakikisha.

Waliotengeneza kadi yenyewe hawakuwa na uangalifu huo. GT 1030 ilitoka 2017 ikiwa na kumbukumbu ya GDDR5; mwaka uliofuata ikaingia sokoni nyingine yenye DDR4, jina lile lile, huku kasi ya kumbukumbu ikishuka kutoka gigabaiti 48 kwa sekunde hadi chini ya 17. Mnunuzi anasoma jina kubwa, fundi anasoma herufi ndogo. Hilo mimi nimeshindwa kulisamehe.

Na sasa mashine kama ile zinahukumiwa bila hata kufunguliwa. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haiitambui rasmi prosesa yake, hata ikiwa nzima na inafanya kazi. Kijana anaambiwa anunue mpya. Wa kumwambia kwamba ipo Linux, kwamba kadi ndogo na RAM ya kuongeza zingemvusha mpaka ahitimu, wamebaki wachache.

Vijana waliokuwa wakijifunza kwa fundi yule wanauza makava ya simu mtaa huo huo. Siwezi kuwalaumu. Kompyuta mpakato nyingi zinazoshushwa leo RAM yake imechomelewa kwenye bodi, na kadi ya michoro haina pa kuchomekwa. Hata wakirudi kwenye meza yake, watafungua nini?