Wameichoma Hewa ya Msonobari kwa Sindano!

Aisee, vuta picha hii kwanza, maelezo yatakuja. Sindano nyembamba inashuka chini ya hadubini, inaitoboa chembe moja iliyokaa juu ya kipande cha kioo, kisha inainuliwa. Basi, jaribio limekwisha! Kilichobaki ni kukaa na saa mkononi na kungoja kama shimo litajifunga. Nafuatilia kemia ya hewa kama wengine wanavyofuatilia ligi, na sijawahi kukutana na jaribio tamu kama hili.

Kazi yenyewe ilitoka 2013, mikononi mwa kundi la Allan Bertram wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, pamoja na maabara ya Scot Martin wa Harvard. Walichukua alfa-pineni, mvuke unaoipa misonobari harufu yake, wakaukutanisha na ozoni. Vikikutana viwili hivyo, mvuke hugeuka chembechembe, na ndivyo inavyotokea pia juu ya misitu. Wakazikusanya, wakachukua sehemu inayoyeyuka katika maji na kuinyunyiza juu ya kioo. Halafu wakaanza kuchezea unyevu wa hewa, na hapo ndipo uhondo ulipo.

Unyevu ukiwa asilimia 90, sindano haina kazi: chembe ni laini mno. Kwa hiyo walitia ndani yake vishanga vidogo, wakapuliza gesi juu ya chembe, wakapima vishanga vinazunguka kwa kasi gani. Jibu: mnato wa asali. Asilimia 70: siagi ya karanga. Asilimia 30 kushuka chini: lami, au kitu kigumu zaidi. Ukizidi kukausha, sindano ikigusa tu, chembe inapasuka vipande vyenye kingo kali. Saa zinapita, na vipande havijasogea hata kidogo. Chembe ni ileile na viambato ni vilevile. Kilichobadilika ni unyevu tu!

Kwa nini nimechanganyikiwa hivi? Kwa sababu kwa miaka mingi hesabu za kemia ya hewa zilizichukulia chembe hizi kuwa matone. Molekuli inaingia, inatoka, kila kitu kinasawazika upesi, hesabu inafungwa. Katika tone jepesi kama maji lenye upana wa sehemu moja ya kumi ya mikrometa, molekuli huvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa muda mfupi kuliko sekunde, tena kwa mbali sana. Katika chembe iliyoganda kama kioo, safari hiyohiyo inaweza kuchukua miaka, ilhali chembe yenyewe hukaa hewani wiki moja hivi kabla mvua haijaishusha. Ozoni inagonga mlango, inababua ngozi ya juu, basi. Kilichofungiwa ndani kinasafiri salama.

Na vingine vilivyofungiwa humo si vya kuchekea. Benzopirini, sumu inayotoka kwenye kuni, makaa ya mawe na injini za dizeli, na inayosababisha saratani, huharibiwa na ozoni ndani ya saa chache ikiwa wazi. Ikifunikwa na ganda gumu la mabaki ya misitu na moshi, inavuka bahari. Mwaka 2017 wanasayansi wa Marekani walipoliingiza ganda hilo katika hesabu za dunia nzima, makadirio ya hatari ya saratani ya mapafu kutokana na sumu za aina hii yalipanda takriban mara 4.

Najua utauliza: haya si ya maabara tu? Hapana, na ushahidi ulitangulia! Mwaka 2010 Annele Virtanen na wenzake walizipitisha chembe za msitu wa Hyytiälä, Finland, kwenye chombo kinachozirusha zigonge bamba. Tone lingenata. Zile za msituni zilidunda na kuangukia ngazi za chini za chombo, kama vitu vigumu. Kisha Amazon ikaleta utamu mwingine: kule hewa imejaa maji, na vipimo vilivyotoka 2016 vilionyesha kwamba chembe nyingi ni kimiminika. Lakini moshi wa mashamba yanayochomwa au hewa chafu ya mji wa Manaus ikipita, zinaanza kudunda.

Wa Pwani tusijione tumeachwa. Chembe ya chumvi ya bahari hugeuka tone unyevu ukifika asilimia 75, lakini ikishalowa haigandi tena mpaka unyevu ushuke karibu na 45. Mombasa hewa hukauka kiasi hicho kwa nadra mno, kwa hiyo chumvi yetu ya hewani kwa kawaida ni matone.

Kasoro? Zipo. Chembe zinazotobolewa kwa sindano zina upana wa makumi ya mikrometa, majitu kabisa ukilinganisha na zinazoelea hewani, ambazo nyingi hazifiki mikrometa moja. Sehemu isiyoyeyuka katika maji iliachwa nje ya jaribio, na hiyo si sehemu ya kupuuza. Tena alfa-pineni ni mvuke mmoja tu. Msitu halisi unatoa mchanganyiko, na jiko la kuni linatoa mchanganyiko mbaya zaidi.

Lakini nipeni sindano hiyo hata kesho. Ningeanza na moshi wa mkaa wa jioni, kwanza katika hewa ya Tanga, kisha katika ukavu wa Dodoma mwezi wa Septemba, nione ni wapi shimo litakataa kujifunga.