Kuisoma Runinga kwa Chogo Lake

Runinga ya TRK-12, ambayo kampuni ya RCA iliionyesha New York mwaka 1939, haikutazamwa usoni. Mtazamaji aliinua kifuniko cha kabati refu la mbao, akaiona picha katika kioo cha kujitazamia kilichobandikwa upande wa ndani wa kifuniko hicho. Tyubu yenyewe, ya inchi 12, ilisimamishwa ndani ya kabati, uso wake ukielekea dari. Chanzo chake ni cha kifundi: tyubu za wakati ule ziliipinda miali ya elektroni kwa pembe ndogo, na kwa hiyo shingo zake zilikuwa ndefu mno kulazwa katika samani ya sebuleni. Lakini ufumbuzi wa John Vassos, aliyelisanifu kabati, ni wa kifani. Aliuchukua urefu usiofichika akaugeuza kimo, na kwa kuwa kioo hupindua kila kinachokielekea, picha ilibidi ichorwe kinyume kwenye tyubu ili isomeke sawa kwenye kifuniko. Katika maonyesho yaleyale palikuwapo nakala yenye kabati angavu, ili wenye shaka wajionee kwamba ndani hamna kiinimacho. Kabati moja laficha, jingine lakiri. Wasanifu waliofuata hawakutoka nje ya mvutano huo.

Historia ya runinga kwa kawaida husimuliwa kwa skrini: ilikuwa ndogo ikakua, ilikuwa ya rangi mbili ikapata zote. Usimulizi huo ni sahihi, ila unayasoma maudhui na kuiacha fani. Umbo la chombo hiki halikuamuliwa na uso wake. Liliamuliwa na chogo, yaani ule ujazo wa nyuma ambao mtazamaji hauoni lakini chumba kizima kinaubeba. Kadiri pembe ya tyubu ilivyopanuka, hadi kufikia nyuzi 110 mwishoni mwa miaka ya 1950, shingo ilifupika na kabati likapungua. Hata hivyo kupungua si sawa na kufumbuliwa, na wasanifu wengi waliridhika kulifunika tatizo kwa mbao zilizong'arishwa.

Marco Zanuso na Richard Sapper hawakuridhika. Algol, waliyoisanifia kampuni ya Brionvega ya Italia mwaka 1964, ina skrini ya inchi 11 iliyoinamishwa nyuma kidogo, kwa hiyo ikiwekwa sakafuni humwinulia mtu uso, mithili ya mtoto aliyeketi mkekani akimsikiliza mkubwa. Mwinamo huo si pambo. Unaupa mwili wa nyuma sababu ya kuwapo: kiwiliwili kinateremka kwa mstari mmoja kutoka kwenye uso, na mpini wa kubebea unamwambia mkono kwamba chombo hiki hakina makao ya kudumu. Chogo halikufichwa wala halikutangazwa. Limekuwa sehemu ya mkao. Sijaona runinga nyingine iliyoutumia ujazo wake kwa akili kiasi hiki, na Black 201 ya mwaka 1969, mchemraba mweusi wa wasanifu haohao ambao skrini yake humezwa na weusi inapozimwa, naiona kuwa kazi kali zaidi lakini yenye ukarimu mdogo.

Kwetu pwani, kiungo kilichotukuzwa kilikuwa paa la runinga. Zanzibar ilianza matangazo yake mwaka 1973 ikiwa tayari na rangi, Tanzania Bara ikasubiri hadi 1994. Chombo kilichoingia katika sebule nyingi kilikuwa basi cha rangi na cha chogo. Juu yake kilitandikwa kitambaa cha kufuma, kikawekwa chombo cha maua ya plastiki, picha ya harusi, baadaye king'amuzi. Msomaji wa haraka ataliita hilo pambo lililozidi. Mimi nalisoma kuwa uhariri: wenye nyumba waliukuta ujazo ambao msanifu aliuacha bila kazi, wakaupa kazi, na kitambaa kile, kwa pindo lake lililoning'inia kidogo juu ya skrini, kikawa fremu ya pili.

Runinga bapa iliufuta uso huo wa juu. Mwaka 2007 Sony ilitoa XEL-1, yenye inchi 11 kama Algol, ambayo kidirisha chake kina unene wa milimita 3 tu. Lakini itazame vizuri uone kwamba mitambo imeshushwa katika kitako kinachokibeba. Ujazo haukutoweka, ulihamishwa. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa sauti: vipaza sauti vilivyobanwa katika wembamba huo havina pumzi ya kutosha, na sabufa ikachukua sakafuni nafasi ambayo chogo liliiachia ukutani. Samsung iliisukuma hoja hii mbali zaidi mwaka 2017 kwa The Frame, iliyosanifiwa na Yves Béhar, ambayo isipotazamwa huonyesha mchoro na kujifanya picha ya ukutani. Inakaribia kufaulu. Ila nyuma yake unateremka waya mwembamba hadi kwenye kisanduku kinachopokea viunganishi vyote, na kisanduku hicho, ambacho picha za matangazo hupenda kukikwepa, kwangu ndicho sehemu yake yenye ukweli zaidi: ni kabati la TRK-12 lililotengwa na skrini yake, likatafutiwa rafu.