Toka Mzimu hata Simu: Hadithi za Bei Rahisi na Wasomaji Wake

Kuna hadithi za Kiswahili zisizongoja mwalimu azipendekeze. Mtu huzinunua kwa fedha zake, huzisoma kwa usiku mmoja, kisha humwazima jirani, na jirani mwenziwe, mpaka jalada likatoka. Wahakiki huziita riwaya pendwa, na katika jina hilo mna sifa na mna dharau pia. Kwani wengi wadhani kuwa kitu kipendwacho na watu wote hakiwezi kuwa na uzito. Hukumu hiyo yafaa ipimwe kwa kuvitazama vitabu vyenyewe.

Katika vilivyofungua njia hii, kilicho mashuhuri zaidi ni Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Kilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957–58, kikachapishwa mwaka 1960. Maiti yakutwa mzimuni, mahali paogopwapo. Bwana Msa, na kiko chake mkononi, hauamini mkono wa mizimu. Huuliza, hulinganisha maneno ya huyu na ya yule, hata ikadhihirika kuwa aliyetenda ni binadamu. Wengi wamemtaja Sherlock Holmes hapa, na kwa hakika kiko kimetoka kwake. Lakini mazungumzo ni ya Unguja hasa, yenye mzaha, mafumbo na adabu za barazani.

Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo. Mzimu umekuwa simu: sauti za maneno hayo zakaribiana, lakini hofu imehama penye miti ya kale ikaingia katika waya wa mjini. Mwaka 1970 ulitangazwa nchini Tanzania kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na watu wengi waliojifunza kusoma ukubwani walihitaji cha kusoma. Mwaka 1974 A. E. Musiba akatoa Kufa na Kupona, na ndani yake jasusi Willy Gamba apambana na maadui wa ukombozi wa kusini mwa Afrika. Ilipofika mwaka 1990, katika Dar es Salaam Usiku ya Ben Mtobwa, tishio limekuwa mji wenyewe, na tamaa yake ya fedha.

Mtu akivipanga vitabu hivi vinne kwa miaka yao, huona jinsi hofu za wasomaji zilivyobadilika. Wasemao kuwa watu hupenda damu tu wamekosea. Kipendwacho zaidi ni kuiona hofu isiyo na sura ikipewa sura, na mwisho wake ikakamatwa. Na kazi hiyo yafanywa kwa lugha iliyo hai. Simu, ofisi, bastola, uwanja wa ndege na hoteli vyaingia katika sentensi fupi bila kujikwaa, kama vinavyosemwa mjini. Orodha za istilahi peke yake haziwezi kuleta jambo hilo.

Hata hivyo ziko dosari, na si haki kuzificha. Bwana Msa hushinda kwa kufikiri, na msomaji hupata nafasi ya kufikiri pamoja naye. Willy Gamba hushinda kwa wepesi wa mkono, na msomaji hubakiwa na kushangilia tu. Tena katika hadithi nyingi za namna hii mwanamke huwa chambo au tuzo, mara chache huwa mtu mwenye shauri lake. Basi lawama isitiwe katika bei ya kitabu wala katika wingi wa wasomaji. Itiwe pale mtungaji anapomnyima msomaji kazi ya akili, au anapoiga mwenziwe mpaka mashujaa wote wakawa na sura moja.

Vitabu vya namna hii, vingi vyao, vilichapwa kwa karatasi dhaifu, na kupendwa kwenyewe ndiko kulikovichakaza. Vyuo huhifadhi tenzi za kale kwa uangalifu mkubwa, na ndivyo ipasavyo. Lakini atakayetaka kujua baadaye ni Kiswahili gani watu walikisoma kwa hiari yao, pasipo mtihani, atakitafuta katika vijitabu hivi. Yafaa vikusanywe kabla havijaisha.