Nani Kasimama Kando ya Nani? Kuvisoma Vita vya Maigizo

Kuna ugonjwa mmoja katika uhakiki wetu wa sanaa za maonyesho ambao nimeuona darasani, nimeuona kwenye tasnifu za waliotutangulia, na nauona hata katika kurasa za jarida hili. Tukikutana na onyesho lenye mapigano, tunakimbilia nyimbo, tunakimbilia mavazi, halafu tunaandika kwamba onyesho "linaburudisha, linaelimisha na kudumisha umoja wa jamii". Basi, tumemaliza! Hakuna anayeuliza wale watu walijipangaje pale uwanjani. Nani alikuwa mbele, nani ubavuni, nani alitoa amri, na aliyetoka nafasi yake ilizibwa na nani. Mimi nadai kwamba vita vya maigizo huwezi kuvielewa kwa nyimbo na mavazi peke yake. Itabidi ulitazame kundi dogo, watu watano, watu kumi, uone wanashikamana vipi au wanaachana vipi.

Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika kitabu chao cha 1976 ambacho kila mmoja wetu amekinakili mpaka kikachakaa, walitupa mambo manne ya kutafuta katika sanaa ya maonyesho: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Sina ugomvi na hayo manne. Ugomvi wangu ni na sisi tunaoyatumia kama orodha ya sokoni: kipo, kipo, kipo, kipo, haya twende. Mtendaji katika vita hayuko peke yake. Ana mwenzake wa kulia na mwenzake wa kushoto, na ule umbali kati yao nao una la kusema.

Tuanze na mfano unaojulikana zaidi, Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kusini mwa Unguja. Kila Julai watu wa huko huukaribisha mwaka mpya wa jadi, ule wenye asili ya Nairuzi ya Waajemi. Hapo Kae Kuu wanaume wa pande mbili hupigana kwa magomba ya ndizi. Kibanda cha makuti huchomwa moto mtu akiwa ndani, naye huchomoka salama, na moshi unakoelekea husomwa kama habari ya mwaka unaoingia. Wanawake waliojipamba hupita wakiimba na hawana simile na mtu. Kisha ni kula na kukaribisha wageni. Maelezo ya kawaida ni kwamba yale mapigano huondoa vinyongo vya mwaka mzima: ulinikosea, nakuchapa, yamekwisha. Maelezo hayo ni sahihi, ila hayatuambii yanafanyaje kazi. Kwa nini kuchapana kuondoe kinyongo badala ya kukiongeza?

Jibu nililiona nilipokwenda kutazama. Mwanzoni pande mbili zinaonekana ni pande mbili kweli, kama timu za mpira. Lakini hazidumu hata kidogo. Watu wakishaingia, mstari unavunjika, na kila mtu anamtafuta mtu wake. Hakuna safu, hakuna anayeziba pengo, hakuna anayepaza sauti kusema "kulia!" au "rudini!" Yule aliyezidiwa hasaidiwi kwa mpango, ila mpita njia akijisikia kuingilia anaingilia. Na silaha yenyewe, gomba, ni kitu cha maji maji kinachopasuka mkononi. Ukipiga kwa hasira nyingi unabaki na nyuzi. Pambano lote limetengenezwa ili kundi lisizaliwe. Wanaingia wengi, lakini kinyongo kinalipwa kati ya mtu na mtu, na kwa sababu hakuna kikosi kilichoshinda, hakuna kikosi kitakachorudi mwakani kulipiza kisasi. Ningekuwa na ubao ningeuchora huo uwanja kwa nukta, jozi jozi zilizotawanyika. Mchoro huo ungetuambia mengi kuliko kurasa kumi za "umuhimu wa Mwaka Kogwa kwa jamii ya Wazanzibari".

Sasa tuvuke bahari turudi bara, tuchukue mfano ulio kinyume kabisa. Katika kijitabu cha kumbukumbu za Maji Maji kilichohaririwa na Gwassa na Iliffe mwaka 1968, wazee wanaieleza likinda. Kwa mtazamaji wa mbali likinda ni ngoma tu: kiongozi anauliza, kundi linajibu, miguu inakwenda pamoja. Kumbe ni gwaride. Watu wanafundishwa kusimama, kugeuka na kwenda kwa sauti moja, chini ya pua za maakida wa Mjerumani. Huku hakuna anayepigwa hata kofi moja, wala hakuna adui anayeonekana. Hata hivyo hii ndiyo iliyoandaa vita, ambapo Makunduchi wanachapana kweli kweli na wanarudi nyumbani kula pilau. Tukienda kwa nyimbo na vishindo tutasema Makunduchi ndiko kwenye vita na Umatumbi ndiko kwenye ngoma. Mpangilio wa watu unasema kinyume chake.

Hapa nataka kuuchokoza uhakiki wa Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka mwaka 1969. Tumeisoma shuleni, tumeisoma chuoni, na kila mara swali ni lile lile: maji ni imani au ni hila? Swali zuri, lakini limetuziba macho. Yupo Kitunda pale, jemadari, mtu ambaye kazi yake ni kuwapanga watu, naye katika majibu ya mitihani tunampa aya moja kama "mhusika msaidizi". Mgongano mkubwa wa tamthilia, nionavyo mimi, ni kati ya namna mbili za kuwaunganisha watu. Maji yanawafanya watu wengi kuwa kitu kimoja kwa siku moja. Mafunzo yanawafanya watu kumi kuwa kitu kimoja kwa muda mrefu. Ya kwanza ni ya haraka na inalewesha. Ya pili inachosha na haina wimbo wa kusisimua.

Na historia iliipa haki ile ya pili, ingawa ilichelewa mno. Kinjikitile wa historia alinyongwa na Wajerumani tarehe 4 Agosti 1905. Tarehe 30 ya mwezi huo huo maelfu ya watu waliivamia boma ya Mahenge wazi wazi, wakafyekwa kwa bunduki za rasharasha. Baada ya vipigo vya namna hiyo, waliobaki walijigawa katika vikundi vidogo vya msituni, wakavizia na kutoweka, na mapambano yakaendelea hadi 1907. Mjerumani hakuwaweza hao kwa risasi peke yake. Alichoma mashamba na maghala mpaka njaa ikafanya kazi iliyobaki. Tamthilia ya Hussein inaishia gerezani, na mhusika wake mkuu akikataa kulikana neno lake. Huo ni uamuzi wa kisanaa nami simlaumu mwandishi, kwani alikuwa akiandika juu ya neno. Lakini msomaji anayefunga kitabu hapo anaondoka akidhani vita viliishia kwenye umati uliomwamini mtu mmoja. Wale watu kumi kumi wa 1906 bado hawajapata tamthilia yao. Nani ataiandika?

Beni nitaipitia haraka, maana Terence Ranger ameshaiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Marini na Arinoti walikuwa na safu, vyeo, majenerali, tarumbeta na magwanda, yaani mpangilio wa kijeshi uliokamilika, lakini ushindani wao ulikuwa wa kupendeza, wa kulisha watu na kusaidiana. Ni mfano unaoisumbua hoja yangu, nami nausema hivyo hivyo. Safu peke yake haileti vita. Ila inajenga uwezo wa kutenda pamoja, na uwezo huo ukishakuwepo hauna mwenyewe. Si ajabu wakoloni walikuwa wakiitazama beni kwa jicho la pembeni.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani nao wana mchezo wao. Huko Uingereza, kwenye uwanja wa Battle Abbey, mwezi Oktoba hurudiwa vita vya Hastings vya mwaka 1066, na Harold lazima afe kila mara, masikini. Marekani kuna chama kilichoanzia Berkeley mwaka 1966 ambacho watu wake huvaa deraya na kupigana kwa marungu ya henzirani bila matokeo kupangwa. Safu ya ngao mbele, mikuki ikichungulia juu ya mabega yao, na kikosi kidogo cha wepesi kikitafuta ubavu wa adui. Kinachonivutia zaidi ni sheria yao ya kifo: aliyepigwa ndiye anayeamua mwenyewe kwamba pigo lilitosha, akaanguka. Kikundi kinachoshikamana kwa ukali wote ule kimekabidhi kifo kwa uaminifu wa anayekufa. Ingekuwa riwaya tungeiandikia tasnifu.

Mwenzangu mmoja wa bwenini ananiambia naleta mambo ya jeshi kwenye fasihi. Namjibu kwa mfano wa kwetu, Nyansurura, katika Serengeti, huku tunakopakana na ndugu zetu wa Tarime. Msimu wa tohara, esaro, mwezi wa Desemba, mvulana aliyetahiriwa husindikizwa kurudi nyumbani, naye hutembea taratibu kwa maumivu. Mbele yake wanaruka vijana na fimbo, nyuso zimepakwa unga, filimbi zinalia, wanaitisha barabara nzima. Waandishi wa kamusi za utamaduni huandika "shangwe". Ni shangwe, ndiyo. Lakini tazama vizuri: wawili hawabanduki ubavuni mwa mtahiriwa hata ngoma ikolee vipi. Walioko mbele wanarukaruka lakini hawaendi mbali. Nyuma kuna mkubwa mmoja, kaka au mjomba, ambaye hachezi. Ni kikosi hicho, jamani, na kila mmoja anajua nafasi yake bila kuambiwa.

Kwa kipimo changu, hii iko karibu na likinda kuliko Mwaka Kogwa, na jambo hilo halinifurahishi. Vijana hao hao wa rika moja ndio wanaokimbia pamoja yowe la ng'ombe walioibwa likipigwa usiku. Huko Tarime koo zimewahi kupigana kwa mishale, watu wakafa, nyumba zikateketea. Sisemi ngoma ndiyo iliyowaua. Nasema kwamba mtaalamu anayeandika "hudumisha umoja" bila kuuliza ni umoja wa nani na umesimama namna gani, ameandika nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo wazee wetu kwenye iritongo wanayohangaika nayo wakati sisi tunachapisha.

Nimewahi kuona makundi mawili ya esaro yakikutana njia panda. Filimbi zilinyamaza kidogo. Wale wa mbele waliacha kuruka wakasogeleana bega kwa bega, wale wa ubavuni wakamfunika mtahiriwa, na wakubwa wawili wa nyuma, wa kila upande mmoja, wakapita katikati ya vijana wao kwenda kuongea. Upande mmoja ukashuka barabarani, filimbi zikaanza tena. Ningetaka mwanafunzi atakayekwenda kufanya utafiti msimu ujao aache kinasa sauti nyumbani kwa siku moja, achukue daftari, aandike walikuwa wangapi, nani alimgeukia nani kwanza, na yule mkubwa alitembea hatua ngapi kabla mtu yeyote hajashusha fimbo.