Harun Fazul alivyojificha mbele ya macho yetu

Marekani ilimsaka Fazul Abdullah Mohammed wa al-Qaeda, maarufu kwa jina la Harun, kwa karibu miaka 13, ikaahidi dola milioni 5 kwa atakayewezesha akamatwe. Wengi humsifu kwa ubingwa wa kubadili sura. Mimi naona alifanya jambo jepesi kuliko hilo: alijifanya mwenzetu.

Alizaliwa Moroni, Ngazija. Mombasa, Mngazija si mgeni. Mji wa Kale una koo za kwao tangu zamani, na Kiswahili chake hakikumshtua mtu. Baada ya mabomu ya 7 Agosti 1998 kwenye balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam, yaliyoua watu 224, alirudi pwani hii hii. Siyu, kisiwani Pate, alijiita Abdul Karim, akasomesha madrasa, akaoa hapo hapo. Ufundi wake wote uko katika ndoa ile. Pasi ya bandia humvusha mtu mpaka tu. Ndoa humpa wakwe, mashemeji na mji mzima wa kumsemea. Nani atamhoji mkwe wa jirani yake atokako?

Julai 2002 alikuwa mikononi mwa polisi wa Mombasa, kwa kununua vito kwa kadi ya benki ya wizi. Siku ya pili akaponyoka. Hapo hapakuwa na hila ya ajabu: alishikwa kama mwizi wa kawaida, akalindwa kama mwizi wa kawaida. Na gharama yake ilikuwa kubwa mno. Tarehe 28 Novemba, katika shambulio analodaiwa kulipanga, gari la mabomu lilivamia hoteli ya Paradise, Kikambala, huku makombora 2 yaliyopitishwa baharini kutoka Somalia yakirushiwa ndege ya Arkia iliyotoka tu kuruka uwanja wa Moi. Makombora yalikosa. Kikambala walikufa Wakenya 10 na Waisraeli 3, wakiwemo wacheza ngoma waliokuwa wakilaki wageni.

Mwaka 2008 aliponyoka tena, Malindi. Mogadishu, Juni 2011, hakuwa na mkwe wala jirani: gari lake lilipotea njia, likaangukia kizuizi cha askari wa serikali, wakamuua wasijue ni nani. Alikuwa na pasi ya Afrika Kusini yenye jina la Daniel Robinson.

Wakwe zake wa Siyu walishtakiwa kwa mauaji ya Kikambala. Mahakama iliwaachia huru mwaka 2005.