Ufundi wa Mzee Ojwang'

Kwa mtu aliyekulia Eastlands, Nairobi, miaka ya 1980, kichekesho cha televisheni Vitimbi hakikuwa kipindi cha kutazama peke yako. Laini nzima ya nyumba ingeweza kuwa na televisheni moja tu, mara nyingi ndogo ya nyeusi na nyeupe, na wengine waliiwasha kwa betri ya gari. Watoto walikaa sakafuni, wakubwa wakakalia viti, waliochelewa wakajipanga dirishani. Nje kulikuwa na kijana ameshika mlingoti wa eriali, akiuzungusha kidogo kidogo kwa amri za walio ndani, mpaka chenga zipungue na sura ya Mzee Ojwang' itokee. Kituo kilikuwa kimoja tu, Sauti ya Kenya, ambayo mwaka wa 1989 ilirudia jina la KBC. Kituo kingine, KTN, hakikuanza hadi 1990. Kwa hiyo mtaa wa Bahati ulicheka dakika ile ile waliyocheka Jericho, Pumwani na Shauri Moyo.

Na wakati huo huo mwigizaji alikuwa akitahiniwa na baadhi ya watazamaji wake. Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu. Mzee Ojwang' Hatari, mhusika aliyemwigiza, alikuwa Mjaluo. Kaloleni na Makongeni, mtaa uliojengewa wafanyakazi wa reli, kulijaa familia za Wajaluo: mafundi na makarani waliotoka Nyanza wakiwa watu wazima, waliozungumza Kiswahili kwa lafudhi ile ile iliyotoka kwenye kioo. Hao wangemkamata mara moja kama angebahatisha. Badala yake walimpenda kama mtu wa kwao, na wengi waliishi miaka mingi wakiamini kwamba ni Mjaluo kweli.

Alifauluje mbele yao? Nimeitazama kazi yake polepole katika rekodi za zamani, nikisimamisha na kurudisha nyuma, na naona alianza na mwili kabla ya ulimi. Wanjau alifariki Julai 2015 akiwa na umri wa miaka 78. Piga hesabu: katikati ya miaka ya 1980, wakati nchi nzima ilipomwita mzee, alikuwa hata hamsini hajatimiza. Uzee ule aliujenga. Kofia na koti vilisaidia, lakini nguo humzeesha mtu mpaka anapoanza kutembea tu. Yeye alitembea na umri wake wa kubuni. Akiingia sebuleni hakukimbilia maneno. Aliingia, akasimama, akakagua chumba kama mwenye nyumba anayeshuku kwamba kuna jambo limetendeka akiwa nje, kisha ndipo akafungua kinywa. Kufikia hapo sebule yetu ilikuwa imeshaanza kucheka, na bado hajasema lolote.

Kisha lafudhi, na hapa ndipo ningependa tukae. Dholuo haina sauti za sh, z na v. Mtu aliyekua na Dholuo pekee, akajifunza Kiswahili ukubwani, husema samba kwa shamba, masiwa kwa maziwa, fitu kwa vitu. Hilo kila mtu mtaani analijua, na kila mtoto wa Eastlands ameliigiza kwenye kona ya duka. Lakini konsonanti ndiyo sehemu rahisi. Ukiishia hapo umetengeneza kikaragosi, na Mjaluo anayekusikiliza atajua kwamba unamcheka. Kazi ngumu iko kwenye wimbo. Dholuo ni lugha ya toni: sauti hupanda na kushuka ndani ya neno lenyewe, na anayeizungumza huubeba mwinuko huo hadi kwenye Kiswahili chake bila kukusudia. Wanjau aliubeba. Alivuta irabu mahali panapovutwa, akakata sentensi mahali Mjaluo anapokata, akapandisha sauti mwishoni mwa swali kwa namna ambayo mtu hawezi kuisoma kitabuni. Ya namna hiyo hupatikana kwa kusikiliza tu, na Nairobi ilikuwa darasa lake: mabasi, viwanda, mabaa, foleni za maji.

Zaidi ya hapo, hakuizidisha. Mwigizaji mwenye haraka huongeza lafudhi pale kicheko kinapochelewa. Ojwang' alibaki Ojwang' yule yule, akiwa na hasira, akiwa na njaa, akimnong'oneza mgeni jambo ambalo Mama Kayai, mkewe wa kipindini, hakutakiwa kulisikia. Hasira ilibadilisha kasi na ukubwa wa sauti, lakini asili ya mtu haikuyumba. Kunong'ona ndicho kipimo kikali kuliko vyote, kwa sababu lafudhi ya kuazima huwa ya kwanza kuanguka sauti inaposhuka. Yake haikuanguka.

Wapenzi wa sinema wanajua kisa cha mwigizaji Sidney Poitier. Alikulia Bahamas, akafika New York, akakataliwa na kundi la maigizo kwa sababu ya matamshi yake, akaenda kununua redio na kuwaiga watangazaji kwa miezi kadhaa mpaka lafudhi ya visiwani ikamtoka. Baadaye aliigiza katika Something of Value, filamu ya 1957 kuhusu Mau Mau iliyopigwa humu Kenya, na mwaka wa 1964 akapokea Oscar. Sikio lililofanya kazi ile ni sawa na sikio la Wanjau, ila mwelekeo ndio tofauti. Poitier alifuta lafudhi ya kwao ili apate nafasi ya kusikilizwa. Wanjau aliivaa lafudhi ya jirani, tena katika nchi ambamo jina la mtu na matamshi yake vinaweza kumponza siasa zikichafuka. Kuifanya kwa muda wote ule bila jirani kuona ameonewa ni jambo zito, na sidhani tulilithamini ipasavyo wakati huo.

Macho yake yanahitaji kutazamwa peke yake. Alijua kuyatoa, na kila shabiki atakuonyesha kwa macho yake mwenyewe jinsi yalivyotoka. Lakini tazama kinachotangulia. Habari mbaya inafika. Uso haufanyi kitu. Kichwa kinageuka kidogo kuelekea kwa aliyesema. Kunapita nafasi ndefu kuliko mwigizaji mwoga angeweza kuvumilia. Ndipo macho yanapanuka, na mdomo unafuata. Angeanza na macho, kicheko kingekuwa kidogo na kingekwisha mapema.

Nafasi ile ya kunyamaza asingeipata bila Mama Kayai. Mary Khavere, aliyemwigiza mke huyo, alimpa ukuta wa kugonga: sauti kavu, jicho la kando, mkono kiunoni, na subira ya mke aliyesikia visingizio hivyo zamani. Mtazame anaposikiliza. Hamwibii mwenzake, haharakishi jibu, anamwacha ajifunge mwenyewe hadi mwisho wa kamba, kisha anamaliza kwa maneno machache. Walielewana kiasi kwamba Wakenya wengi walidhani wameoana kweli.

Wanjau aliifanya kazi hii kwa zaidi ya miaka 20, kwa malipo ambayo hayakumtajirisha. Uzeeni, uzee wa kweli sasa, macho yale yakaanza kufifia. Habari zake zilipotangazwa mwaka wa 2012, Wakenya walijitokeza kumsaidia, akafanyiwa upasuaji, akaona tena.

Ukiwauliza watu wa Makongeni leo wanakumbuka kisa gani, wengi hawakumbuki kisa hata kimoja. Wanakumbuka namna. Mmoja atakwambia jinsi alivyoketi kitini, mwingine ataliita jina la Mama Kayai kwa sauti ya Ojwang' mpaka walio karibu wageuke, na mstaafu wa reli atamsahihisha kwamba hakuvuta hapo, alivuta mbele kidogo. Ubishi utaanza, na kila mmoja atajaribu kwa zamu.

Kijana anayetaka kuigiza na atafute rekodi hizo. Aitazame sehemu moja akiwa amezima sauti, hadi aone mwili wa yule mzee unavyofanya kazi. Kisha arudie sehemu hiyo hiyo akiwa amefumba macho.